Swali la Baba Mkubwa

Baba Mkubwa alinijibu kwa upole, na upole huo ndio unaoninyima usingizi wiki nzima. Tulikuwa tumetoka kwenye harusi ya kaka, nami, kwa sababu ya posa iliyoletwa kwa binti wa jirani yetu ambaye bado ni mdogo, nikawa namsimulia jinsi Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana na mzaliwa wa Dodoma yetu hii, alivyokwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa kibali cha mahakama, ilhali umri wa kawaida wa mvulana kuoa ni 18. Alishinda Julai 2016, na mahakama ikaipa Serikali mwaka mmoja kuirekebisha sheria hiyo. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo.

"Mwanangu," akasema, "mwanafunzi tunamwogopa, maana ukimwoa unafungwa miaka 30. Huyu binti wa jirani amemaliza darasa la saba na hakuendelea. Kesi iko wapi?"

"Ni mtoto, Baba. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto."

"Sawa. Na hiyo ya Ndoa, ule mwaka mmoja waliopewa kuirekebisha ulipokwisha, ilikuwa imerekebishwa?"

"Haikuwa."

Akatikisa kichwa, akaendelea na chai yake. Hakunibeza hata kidogo. Amekaa kwenye vikao vingi vya posa, na alinionyesha mlango wanaoupitia wazee: sare ya shule inamlinda msichana kuliko umri wake, na siku anapoivua ng'ombe wa mahari huanza kuhesabiwa.

Alhamisi, binti huyo wa jirani mwenyewe alikuja kwenye klabu yetu ya wasichana. Nilipomaliza kusimulia kesi ile akauliza, "Dada, alidai kwa ajili ya walioko shuleni tu?" Nikamwambia alidai kwa ajili ya kila msichana. "Basi na mimi nimo," akasema kwa sauti iliyowafanya wenzake wageuke, kisha akaomba nimwandikie tarehe ya hukumu, 8 Julai 2016, akamsomee baba yake. Nilifurahi mno, nikaiandika kwa herufi kubwa.

Ila mvua imekatika, na uwele wa upande wa bondeni umeanza kunyauka. Mavuno yakikosekana, posa ile itarudi kuzungumzwa nyumbani kwao, na Baba Mkubwa ataitwa kikaoni. Sijui atasimama upande gani.