Niliingizwa mjini kabla sijafika mjini: siku tatu za Nairobi na watu 14

Tulikwenda 14, tukarudi 14. Naanza na hilo kwa sababu kabla hatujaondoka Arusha kuna watu waliniapia kwamba nitarudi na kumi na wawili, na hao wawili tutawaona miaka ya mbele wakiuza smokie, zile soseji za barabarani, mtaa wa River Road.

Mimi ni mweka hazina wa klabu ya historia chuoni kwetu. Cheo hicho nilipewa kwa sababu siku ya uchaguzi nilichelewa, nikakuta nimeshachaguliwa. Wazo la kwenda Nairobi lilikuwa la mlezi wetu, Madam, ambaye alichoka kutufundisha habari za reli ya Uganda, ile ya Waingereza iliyotoka Mombasa ikapita Nairobi, kwa kuchora ubaoni. Fedha, usafiri, malazi na lawama vikawa vyangu.

Kosa la kwanza ni kwamba niliomba ushauri. Kuna kaka mmoja wa mwaka wa tatu, nitamwita Mzoefu kwa kuwa ndivyo anavyojiita, aliyewahi kwenda Nairobi mara moja kwenye harusi. Alinikalisha kantini saa nzima kwa soda yangu. Kadi ya homa ya manjano, akasema, isikuumize kichwa, mchanjwe hata jana yake. Hela msibadilishe mapema, mpakani ndiko kuna bei tamu. Na Nairobi mpande matatu yoyote tu, hakuna kupotea, kila mtu anaongea Kiswahili.

La kadi nililigundua mwenyewe, kwa bahati. Chanjo hiyo inahesabika kuanzia siku ya kumi baada ya kuchomwa, si siku ileile. Mwenzetu mmoja alikuwa amechanja siku tano kabla ya safari, kwa ushauri wa kantini. Ikabidi tusogeze safari wiki nzima, na wiki hiyo hakuna aliyenisalimia vizuri. Uzuri wake ni kwamba ukichanja mara moja kadi ni ya maisha, kwa hiyo sasa hivi natembea nayo kama kitambulisho cha kura.

Pasipoti walikuwa nazo watu sita. Wengine tukachukua hati ya dharura ya safari, ambayo haikaribii hata kidogo ile laki na nusu ya pasipoti, na kwa Kenya inatosha kabisa. Viza haipo kwetu Watanzania. Tukapanda shuttle alfajiri, Longido ikatupita tukiwa tumelala, tukaamkia Namanga.

Namanga yenyewe haina shida. Tangu kituo cha pamoja kianze, 2018, unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia kwenye jengo moja, upande wa nchi unayokwenda. Nusu saa tulikuwa tumemaliza wote 14, nikaanza kujiona kiongozi. Hapo ndipo akaja kijana.

Alikuwa mpole, ananiita "kiongozi", na mkononi ana bunda la shilingi za Kenya. Bei yake ilikuwa bora kuliko ya kwenye bango la duka la fedha. Si kwa mengi, lakini kwa mtu aliyebeba laki sita za wenzake hata kidogo ni sifa. Nikapiga hesabu kwa simu: elfu 31 na kitu. Akahesabu mbele yangu, taratibu, noti za elfu moja moja. Akanipa. Nami nikahesabu. Zilikuwa 30.

Jamani, nilivyofurahi! Nilimwambia kwa sauti ya juu ili wenzangu wasikie: "Ndugu, imepungua elfu moja." Akashika kichwa, akaomba radhi, akasema usingizi wa asubuhi. Akalichukua bunda, akalihesabu tena kwa haraka, akaongeza noti moja juu yake nikiangalia, akanirudishia. Nikahesabu tena: 31. Nikampa laki sita zangu, nikarudi kwenye gari nikitembea kama mtu aliyemkamata mwizi. Mpaka Kajiado nilikuwa bado nasimulia.

Mnaojua mambo mmeshajua. Ile elfu moja iliyopungua ilikuwa chambo. Alitaka nimrudishie bunda.

Kutoka Namanga barabara ni nzuri, mpaka unapofika Athi River. Dereva alikataa kupanda barabara ya kulipia, ile ya juu iliyofunguliwa 2022 kuanzia Mlolongo hadi Westlands, kwa hiyo tulikaa chini kwenye foleni tukiangalia magari yakipita juu ya vichwa vyetu. Saa tisa tukafika hosteli moja ndogo upande wa Ngara. Mapokezi kuna mama mtu mzima mwenye miwani. Nikamhesabia hela ya siku tatu. Akazipokea, akaanza kuzipanga mezani mafungu mawili kama anacheza karata. Sikuelewa. Akaligonga fungu la kwanza kwa kidole.

"Hizi ziko na KICC."

Akagonga la pili.

"Hizi hazina. Kijana, hii pesa ilikufa 2019."

Nilicheka, nikidhani ni utani wa Nairobi. Akanieleza bila haraka, kama mwalimu wa chekechea: mwaka 2019 Kenya ilitoa noti mpya, zote zina picha ya KICC, lile jengo refu la mikutano katikati ya Nairobi, na noti za zamani za elfu moja zikapewa mpaka tarehe 30 Septemba mwaka huohuo. Baada ya hapo ni karatasi. Zile ndogo za zamani hazikufutwa siku hiyo, ya elfu tu. Mimi 2019 nilikuwa kidato cha pili, noti ya Kenya ningeijulia wapi? Nikafungua bunda lote. Noti saba zilikuwa na sura ya Mzee Kenyatta ikinitazama bila jengo lolote. Nilihesabu idadi, sikuangalia sura.

Elfu saba za Kenya ni kama laki na thelathini na kitu za kwetu. Kuingizwa mjini nilikuwa nakusikia, ila mimi niliingizwa zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 160 kufika mjini. Nilimwambia Madam peke yake. Akanyamaza, akasema, "Na ulivyosimulia njia nzima." Akanikopesha. Wengine niliwaambia usiku, tukiwa tunakula chapati na maharage kibandani, kwa sababu mtu aliyeshiba ana huruma. Kibanda hicho ndicho kilichotuokoa siku zote tatu: wenyewe wanaita chapo madondo, na kwa mia moja na hamsini unaondoka umeshika tumbo. Chipsi mayai msiziulizie, mtaangaliwa. Na ukisema "chai" unaletewa ya maziwa. Ukitaka ya rangi sema strungi.

Siku ya pili asubuhi ilikuwa ya miguu, na ilikwenda vizuri mno. Makumbusho ya Reli yana behewa lile ambalo afisa wa polisi Charles Ryall alivutwa nje na simba pale Kima, mwaka 1900. Madam alisimama mbele yake akafundisha dakika arobaini, watalii wawili wasiojua Kiswahili wakajiunga. Kutoka pale ni mwendo mfupi hadi bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7, ulipokuwa ubalozi wa Marekani uliolipuliwa 1998. Kuna ukuta wa majina, zaidi ya 200. Asubuhi ileile Dar es Salaam nayo ililipuliwa, na katika watu 14 hakuna aliyekuwa amezaliwa isipokuwa Madam. Hapo hakufundisha. Alisoma majina kimya mpaka mwisho, tukamsubiri.

Tukapitia Kumbukumbu za Taifa, Moi Avenue, kuona vitu vya sanaa alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais. Tukala. Sasa ikabaki makumbusho makubwa ya Taifa, na hapo nikaukumbuka ushauri wa Mzoefu: matatu yoyote.

Matatu ya kwanza ilikuwa na nafasi saba. Nikaingia na sita. Nikawaambia saba waliobaki wapande inayofuata, washuke Museum Hill, nauli shilingi hamsini. Rahisi. Sisi tukashuka, tukasubiri. Dakika ishirini. Nusu saa. Madam nilikuwa naye mimi, kati ya wale sita. Waliobaki ni wanafunzi watupu na laini moja ya Safaricom kati yao. Ile sauti ya kantini, "utarudi na kumi na wawili", ikaanza kunizunguka. Hesabu yangu mwenyewe ilikuwa saba.

Simu ikaita. Walikuwa Kangemi.

Kisa chenyewe ni hiki. Gari yao ilikuwa na muziki unaotikisa viti. Walipoona Museum Hill, dada yetu mmoja, mtoto wa Tanga, mwenye adabu zake, akamwambia makanga, yaani konda: "Kaka, samahani, naomba kushuka hapo mbele." Makanga alikuwa ananing'inia mlangoni. Akarudia, kwa upole zaidi. Akamgusa begani na kumwambia "shikamoo". Gari ikapita, ikapita Westlands, wao wanaendelea kuomba. Abiria mmoja ndiye aliyewahurumia walipofika mwisho wa safari akamwambia makanga, "Hawa Wabongo walikuwa wanataka kushuka kitambo." Makanga akashangaa: "Kwa nini hamkusema? Mimi nilidhani mnaomba msaada!" Nairobi unapiga bati, unapaza sauti "shukisha!", gari inasimama. Kuomba, kwao, ni kuomba kweli.

Yule makanga aliwarudisha bila kuwatoza hata senti, akawaacha kwenye lango la makumbusho likiwa linakaribia kufungwa, na mvua imeanza. (Mvua ikianza Nairobi nauli nayo inapanda, ya hamsini inakuwa mia palepale, msibishane.) Nikaenda kumshukuru. Akaniuliza mko wangapi. Nikamwambia 14.

"Gari yangu ni ya 14," akasema.

Tukaangaliana. Usiku ule sikulala, lakini kwa furaha.

Watu wote walikuwa wameniambia kundi kubwa Nairobi ni la kuita teksi nne za kwenye simu, au kukodi basi dogo la kampuni ya utalii kwa bei ya watalii. Hakuna aliyenieleza kwamba kuanzia saa nne asubuhi, wafanyakazi wakishaingia ofisini, matatu zinapanga foleni steji zikisubiri abiria mmoja mmoja mpaka jioni. Saa hizo gari ni njaa. Nilimpigia yule makanga saa tatu asubuhi. Alianza na elfu nane, nikamwambia habari za noti zangu saba, akacheka mpaka akakohoa, tukaishia elfu tano na mafuta ndani yake, mpaka saa tisa. Kila kichwa kama mia tatu na hamsini, na hakuna anayeweza kupotea kwa sababu kiti kikiwa wazi unakiona. Hesabu ya watu nilikuwa naifanya kwa kuangalia viti tu. Kwa hili najivunia na sitaki kuambiwa nilibahatika.

Tulimaliza makumbusho, tukaenda msitu wa Karura, ule ambao Wangari Maathai alipigwa akiutetea mwaka 1999, miaka mitano kabla ya Nobel yake. Makanga wetu alishuka na kutembea nasi, akasema amepita nje ya Karura maisha yake yote na hajawahi kuingia. Mlangoni uliza kama kuna bei ya raia wa Afrika Mashariki na mtoe hati zenu, msisubiri kuulizwa, maana lafudhi yetu peke yake haitoshi. Kuna waliotaka twende kuona twiga Lang'ata. Nikakataa. Mtu kutoka Arusha kusafiri kuona twiga ni sawa na mtu wa Moshi kusafiri kuangalia ndizi.

Mwisho tukamwambia atushushe KICC. Madam alitaka juu, kwenye paa la jengo la ghorofa 28 lililokamilika 1973, mji wote ukiwa chini. Wenzangu walipiga picha. Mimi nilitoa noti ya elfu mfukoni, nikalinganisha.

Tulirudi kesho yake. Mpakani yule kijana hakuwepo, au alikuwepo akaniona kwanza. Jumatatu Mzoefu akanikuta kantini, akaniuliza kama ushauri wake ulinisaidia. Nikamwambia sana, tena nimemletea zawadi, nikampa noti moja kati ya zile saba. Aliishika kwa mikono miwili, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye pochi nyuma ya kitambulisho.

"Asante, mdogo wangu," akasema. "Nina harusi nyingine huko Desemba."