Moshi mweusi wa mlima wa Isyonje: Hilux ya 3L imekubali hatimaye

Pikapu yangu sasa inapanda mlima kutoka Tukuyu hadi Isyonje, mkoani Mbeya, ikiwa na magunia ya mchele wa Kyela bila kuacha wingu jeusi nyuma yake. Aliyewahi kupambana na injini hizi za zamani anajua jinsi moshi huo unavyomwaibisha mtu mbele ya waendesha bodaboda wanaolazimika kuumeza, kwa hiyo nimeona niandike yaliyotokea kabla sijaanza kuvuruga kitu kingine.

Gari ni Hilux ya mwaka 1995 iliyotumika Japani kabla ya kufika huku, yenye injini ya 3L ya sentimita za ujazo 2,779, isiyo na tabo (feni ya kuisukumia injini hewa zaidi) wala kompyuta. Mambo ya awali sitayaeleza kwa kirefu. Filta ya hewa ni mpya, nozeli zote nne zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda zimepimwa kwenye mashine na kurekebishwa zifunguke karibu na bar 150, mianya ya valvu imewekwa milimita 0.25 kwa za kuingiza hewa na 0.45 kwa za kutolea moshi injini ikiwa baridi, na mgandamizo wa silinda zote unakaribiana. Dizeli ninayotumia ni ile ya salfa isiyozidi ppm 50 (sehemu 50 kwa milioni), ambayo nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuitumia kuanzia mwaka 2015. Baada ya yote hayo, injini ilikuwa safi kwenye sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, na hata ukipiga resi uani ulitoka moshi hafifu tu. Lakini ikiwa na mzigo, gia ya tatu, mafuta yamekanyagwa hadi chini, ilitema masizi kama tanuri la mkaa.

Hapo ndipo penye siri ya barabara yetu. Kyela iko karibu mita 500 kutoka usawa wa bahari, ilhali Isyonje iko juu ya mita 2,000, na katika safari hiyo moja hewa inayoingia kwenye silinda hupungua uzito kwa takriban asilimia 15. Pampu ya aina hii, inayopeleka dizeli kwenye nozeli, haina habari na mlima: hupima mafuta kwa ujazo na kuyasukuma kiasi kile kile, hewa iwepo isiwepo, na mafuta yasiyopata hewa ya kutosha huwa masizi. Kinachoamua kiasi cha juu kabisa ni ile skrubu iliyo nyuma ya kifuniko cha pampu, na kwenye gari langu lakiri yake ilikuwa imevunjwa zamani, maana yake kuna mtu aliyewahi kuikaza ili kuongeza nguvu. Nilipomweleza fundi pampu kuwa nataka kuilegeza, alicheka na kusema, “Mzee, dizeli isiyotoa moshi haina nguvu.” Namheshimu kwa kazi yake ya nozeli, lakini kwa hili sikubaliani naye. Injini isiyo na tabo ikishamaliza hewa yake, mafuta ya ziada huleta nguvu kidogo sana, na yanayobaki huwa joto kwenye pistoni na masizi kwenye mapafu ya watu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 2012, kwa hiyo hili si suala la urembo wa gari.

Ugumu ni kwamba skrubu hii haiwezi kurekebishwa kwa macho. Moshi unaouona kwenye kioo cha pembeni hutegemea jua, upepo na hasira uliyonayo siku hiyo. Nilitengeneza kipimo kwa kugeuza kikombe cha ngozi ndani ya pampu ya baiskeli, ili badala ya kusukuma hewa iwe inavuta. Mdomoni nilifunga kishikio chenye duara la karatasi ya kuchujia kahawa, na kutoka hapo bomba jembamba la shaba la friji hadi ndani ya ekzosi. Kijana wangu aliketi upande wa abiria akiwa na pampu mkononi, na kila tulipofika kwenye kona ile ile, gia ile ile, alivuta mara moja hadi mwisho. Wenye mashine za Bosch hufanya jambo hilo hilo kwa kuvuta mililita 330 kupitia karatasi na kusoma weusi wake kutoka 0 hadi 10. Namba zangu haziwezi kulinganishwa na za mtu mwingine yeyote, lakini zinalinganishika zenyewe kwa zenyewe, na hilo lilinitosha. Angalizo kwa atakayejaribu: bomba likiwa refu mno mvuke hugeuka maji njiani, karatasi hulowa, na masizi hutawanyika badala ya kukaa mahali pamoja. Pia usiamini kamera ya simu, kwani hujirekebishia mwanga yenyewe. Weka ngazi ya rangi za kijivu kando ya karatasi ndani ya picha hiyo hiyo.

Nilianza kwenye weusi wa 7. Nikawa nalegeza skrubu kwa moja ya nane ya mzunguko, nakaza nati yake, napanda, napima. Karatasi ziligoma kuleta mpangilio. Skrubu ikiwa pale pale, leo napata 4, kesho 7, kesho kutwa 5. Nilishuku dizeli, nikabadilisha kituo, hakuna tofauti. Nilishuku kipimo, nikabadilisha kishikio na karatasi. Nilishuku hewa inaingia kwenye njia ya mafuta, nikaweka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu, na sikuona hata povu moja. Ni kazi inayochosha roho, kwa sababu kila jaribio linadai mzigo, mlima na mtu wa kuvuta pampu, na ukirudi nyumbani huna jibu unaloweza kulisimamia.

Fununu ilitoka kwenye karatasi zenyewe nilipozipanga mezani kwa joto la injini badala ya tarehe. Zile zilizochukuliwa mapema, gari likiwa limetoka kupumzika, zote zilikuwa za kijivu. Nyeusi zote zilikuwa za baada ya mwendo mrefu. Nikaegesha gari likiwa bado la moto, nikafunua boneti, nikavaa glavu na kusukuma kiwambo cha valvu ya EGR kwa ncha ya bisibisi. Kilipanda vizuri, lakini nilipokiachia kilirudi nusu tu na kukwama. Valvu hii hurudisha sehemu ya moshi kwenye njia ya hewa wakati injini haina kazi kubwa, na inatakiwa ifunge kabisa ukikanyaga mafuta yote. Yangu ilipopata joto ilibaki wazi, kwa hiyo mlimani, mahali ambapo kila chembe ya hewa inahitajika, injini ilikuwa ikivuta moshi wake yenyewe. Nilipoifungua, kijiti chake kilikuwa kimevikwa tabaka la masizi magumu kama lami iliyokauka, na njia ya hewa ilikuwa imebaki na upenyo wa kidole gumba.

Ushauri wa mtaani ni mmoja: kata bati, ziba, sahau. Sikuziba. EGR ipo ili kushusha joto la mwako na kupunguza oksidi za nitrojeni, ambazo hazionekani kwa macho wala haziachi alama kwenye karatasi yangu. Kuondoa uchafu unaoonekana kwa kuongeza usioonekana ni kujidanganya. Kwa sababu hiyo hiyo sikusogeza taimingi, yaani wakati wa kunyunyiza mafuta, mbele ya kipimo cha kiwandani, ingawa najua ingepunguza masizi zaidi; niliihakiki kwa geji ya saa, na sikutegemea sikio la mtu. Valvu niliiloweka, nikasugua kijiti hadi chuma kikaonekana, nikabadilisha gasketi, na nikahakikisha mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa unaoifungua valvu) unaotoka kwenye alteneta hauvuji.

Baada ya hapo karatasi zilitii. Kila moja ya nane ya mzunguko ilileta kijivu chake, na leo niko kwenye 3 katika kona ile ile, na ukiwa nyuma ya gari huoni kitu ila mtetemo wa joto.

Mpango ulikuwa nifunge katalisti, kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, baada ya hatua hii. Nimeuacha kwa sasa. Katalisti ya kawaida ya dizeli hushughulikia monoksidi ya kaboni na mabaki ya mafuta, si masizi yenyewe, na kilichonivutia zaidi ni kasoro mpya: skrubu iliyowekwa kwa ajili ya Isyonje huifanya pikapu iwe nzito Kyela, ambako hewa ipo tele na injini inanyimwa mafuta bila sababu. Baadhi ya pampu za familia hii zilitengenezwa na kopo dogo la shinikizo la hewa juu ya kifuniko, ambalo hutanuka mlimani na kupunguza mafuta lenyewe. Nimepata kifuniko cha namna hiyo kwa muuza spea chakavu. Matundu ya skrubu yanalingana, lakini mkono wa ndani wa gavana (kidhibiti kasi cha pampu) unatofautiana na wangu, na pini ya kuugusa haipo. Kesho nampelekea fundi pampu aufungue tuone kama mikono yote miwili inaweza kubadilishana, na hadi hapo skrubu haiguswi.