Usiku Niliposusa Chakula

Wiki ya tatu tangu nianze kuchoma insulini, sindano ya kushusha sukari mwilini, niliamua kuishinda sukari kwa njaa. Asubuhi ile mashine ya kupima sukari ilisoma 11.4, juu mno, nikaona aibu kama mtu aliyefumaniwa. Jioni nikachoma dozi yangu ya kabla ya kula kama kawaida, kisha sahani aliyonipakulia dada nikaifunika. Nikamwambia nimeshiba. Uongo ule unaniuma hadi leo.

Haikupita saa nzima. Nilikuwa nakunja nguo, vidole vikaanza kutetemeka, nikashindwa hata kufunga kifungo cha shati. Jasho la baridi likanitiririka shingoni. Moyo ukaenda mbio. Na hasira! Dada aliponiuliza, "Mbona hivyo?" nilimfokea, mimi ambaye sijawahi kumpandishia sauti. Siku hizi najua kwamba ubongo uliopungukiwa sukari humbadilisha mtu tabia, lakini usiku ule nilidhani ni uchovu tu.

Hakubishana nami. Alinishika mkono, akanitoboa kidole, akakiminya. Tone lilikuwa dogo kama kichwa cha pini; stripu, kile kijikaratasi cha kupimia, ikalinyonya, tukasubiri. 2.9. Ikishuka chini ya 4, sukari imeshapungua mno; chini ya 3 mtu anaweza kuchanganyikiwa, hata kuzimia.

Nikanyoosha mkono nichukue chokoleti. Akaisogeza mbali, kwa sababu mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Alinipa juisi ya matunda, nusu glasi, yenye kama gramu 15 za sukari, akatega saa dakika 15. Nilikaa sakafuni, mgongo ukutani, nikiutazama mkono wangu juu ya goti ukitetemeka, halafu ukitulia kidogo kidogo.

Tulipopima tena, 4.6. Ndipo akaifunua ile sahani.

"Kula sasa, mdogo wangu. Sindano haijui kama umesusa."

Mboga zilijaza nusu ya sahani, robo maharage, robo wali. Alikuwa ameipanga hivyo tangu mwanzo, kwa maelekezo ya kliniki ambayo mimi niliyasikiliza kwa sikio moja. Yeye, asiyeumwa, aliyashika yote.

Nilimwomba radhi kwa kumfokea, nikamweleza na habari ya ile 11.4. Kisha nikala chakula kilichopoa hadi punje ya mwisho, naye ameketi kando yangu, mashine ingali mkononi mwake.