Sindano isitembee wodini

Nasomea udaktari magharibi mwa Uganda, ingawa kwetu ni Tanga. Rangi za ndoo za taka wenzangu wote walizijua: nyeusi ya taka za kawaida, njano ya zenye maambukizi, nyekundu ya zile za hatari zaidi, kahawia ya dawa zilizoharibika. Mtihanini hawakosei. Lakini raundi ya asubuhi ikiisha, sindano unazikuta kwenye trei, ndani ya pamba, hata juu ya shuka.

Nikamwendea mama anayesafisha wodi yetu, mtu wa Kasese, Kiswahili anakijua vizuri. Nikamuuliza ni taka gani inayomtesa.

“Mwanangu, si damu. Damu naiona. Ni sindano iliyofichwa kwenye mfuko mweusi.”

Maneno hayo yaliniuma. Anayechomwa na sindano yenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni kama 3 kati ya 1,000. Ya homa ya ini B, kwa asiyechanjwa, unaweza kufika 30 kati ya 100. Naye hakuwa amechanjwa.

Kwa ruhusa ya sista mkuu tukaanza na jambo moja tu: anayekwenda kumtoa mgonjwa damu aende na kisanduku cha sindano kwenye toroli. Akishachoma, sindano inaingia humo palepale, bila kurudishiwa kifuniko. Kikijaa robo tatu kinafungwa. Kuna waliolalamika kwamba toroli inawachelewesha, na kweli mwanzoni ilichelewesha. Sikubishana nao. Nilimwomba yule mama aje azungumze na kundi jipya la wanafunzi siku yao ya kwanza wodini, na alieleweka kuliko mhadhara wowote niliowahi kuusikia.

Kutenganisha makaratasi na maganda ya ndizi kulikuja baadaye. Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 85 ya taka za hospitali ni za kawaida. Ukizichanganya na zenye maambukizi, zote zinageuka mzigo wa tanuri la kuchomea taka.

Ukutani tumebandika maelekezo ya anayechomwa: osha kwa maji na sabuni, usikamue, toa taarifa mara moja. Dawa za kuzuia VVU zianze mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72, zimezwe siku 28.

Kilichobaki ni chanjo ya homa ya ini B kwa wasafishaji wote, dozi tatu kila mmoja. Ombi liko kwa uongozi, na kila wiki naenda kuliulizia.