Siku niliyokataa daftari la kikoba

Sheria inamtaka mtumishi wa umma aondoke akifikisha miaka 60, nami niliifikisha nikiwa bado nafundisha hisabati kidato cha pili hapa Morogoro. Kwenye semina ya wastaafu watarajiwa tulielezwa habari za mafao: kikokotoo, yaani hesabu ya kupata mafao yenyewe, mkupuo unaolipwa mara moja, pensheni ya kila mwezi, matapeli wanaopiga simu wakijifanya watu wa mfuko, na ile hadithi ya mzee aliyepokea mkupuo akaoa binti mdogo, ambayo kila ikisimuliwa ukumbi hucheka. Hakuna aliyesema lolote kuhusu Jumanne saa nne asubuhi, chai umeshakunywa, gazeti umeshamaliza, na hakuna kengele itakayolia.

Hilo pengo halikukaa wazi, watu walilijaza. Mtaani kwetu Bigwa mstaafu ni mali ya umma. Akiwa mwalimu ndiyo kabisa: ana muda, ana mwandiko, na hawezi kukimbia na hela kwa sababu nyumba yake inajulikana. Nikawa katibu wa kamati ya misiba. Nikawa katibu wa jumuiya. Watoto wa majirani wakaanza kuja jioni na madaftari ya hesabu, kwanza wawili, kisha sebule nzima. Kamati za harusi siwezi kuzitaja zote. Tuta la mchicha nyuma ya nyumba, ambalo nililipanga tangu nikiwa chumba cha walimu, likawa la kuku wa jirani.

Jumamosi moja ya masika, nikiwa natafuta miwani ili niwahi kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, mke wangu akaniuliza huku anachambua mchele, "Mwalimu, hivi wewe ulistaafu lini?" Hakuwa na hasira. Yeye alistaafu uuguzi kabla yangu na siku zake zilikuwa zimeshakaa sawa: matembezi mpaka barabara kubwa kabla jua halijawa kali, shughuli za nyumbani, usingizi wa mchana ambao hata mgeni hauvunji, kwaya jioni. Sikumjibu. Nilichukua mwavuli nikaondoka.

Kikao kilikuwa uani kwa mwanachama mmoja, chini ya turubai lililokuwa likivuja upande mmoja. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu wa nyumba tofauti, ili lisifunguke mpaka tukutane. Tulinunua hisa, tukachangia mfuko wa jamii, ndipo mwenyekiti akatangaza kwamba mtunza kumbukumbu anahamia Dodoma. Hajamaliza, jina langu limeshapendekezwa na kuungwa mkono.

Nikasimama nikasema hapana.

"Mwalimu, unaumwa?" akauliza mama mmoja.

"Siumwi, mama."

"Unasafiri?"

"Sisafiri."

"Sasa?"

Kwetu kukataa wadhifa kunataka ugonjwa au safari. Kusema unataka kukaa kwako ni kama kutukana. Nikawaeleza kwamba ufunguo mmoja nitashika, maana ufunguo hauli muda, ila daftari apewe yule dada anayeuza mitumba, ambaye hukokotoa riba kichwani kabla mimi sijapata kalamu. Mzee mmoja akadakia, "Kalamu haistaafu!" Nikamjibu kwa sauti bila kunyoosha mkono, nikapigwa faini ya shilingi 500 kwa kuzungumza bila ruhusa. Nililipa palepale, watu wakacheka, ubishi ukalegea. Yule dada alibembelezwa sana. Alikubali kwa sharti kwamba marejesho yaliyochelewa yasiandikwe tena kwa penseli, na niliona wawili watatu wakitazama mvua.

Mzee yule alininunia muda mrefu. Sikumfuata kumbembeleza, nilikuwa nimeshalipa faini.

Baada ya hapo nilipunguza taratibu. Hesabu za watoto zikawa Jumanne na Alhamisi saa kumi, basi. Msiba haukataliwi na sikuuacha, lakini ukatibu niliwagawia vijana, wenye simu za kutuma ujumbe kwa mtaa mzima kwa mara moja. Tuta nililizungushia wavu. Asubuhi nikaanza kutembea na mke wangu, anayekwenda mbio kuliko mimi na hapendi maongezi kwenye mwinuko. Mchana nalala. Mwanzoni nililala kwa aibu, madirisha nimefunga, watu wasijue.

Lakini nisijisifu sana. Jioni ya Jumamosi ileile simu iliita: kijana niliyemfundisha anaoa, wazazi wake wanaomba niwe mwenyekiti wa kamati. Huyo alikuwa akifeli hesabu kwa uaminifu kila muhula na bado anakaa dawati la mbele, ningemkataliaje? Nikakubali. Mke wangu alikuwa amesikia kila neno. Akasema sawa, ila kadi za mchango zisipelekwe kwa watu wa kwaya yake, kwa sababu mwezi huo walishachangishwa mara mbili.