Pretoria, mbele ya filamu za serikali ya Makaburu

Kutoka uwanja wa ndege wa O.R. Tambo nilipanda Gautrain, nikabadili treni Marlboro, nikaelekea kaskazini hadi Hatfield. Kutoka hapo ni mwendo mfupi wa teksi hadi mtaa wa Arcadia, iliko hifadhi ya taifa ya filamu, video na sauti. Omba miadi mapema, na katika orodha yao usitafute neno propaganda. Kwa waliozitengeneza, hizi zilikuwa filamu za habari, kilimo, reli, utalii. Tafuta kwa majina hayo, na kwa jina la idara iliyolipa.

Kazi hii ya propaganda kwa filamu ilianza kabla ya chama cha Makaburu kushika dola mwaka 1948. Bou van 'n Nasie, iliyotukuza safari ya Wazungu kwenda bara, ilitoka mwaka 1938. Bodi ya Taifa ya Filamu ilidumu kutoka 1964 hadi 1979. Televisheni ilizinduliwa rasmi Januari 1976 tu, kwa hiyo kwa miaka mingi mzigo ulibebwa na sinema na projekta.

Ukanda wa milimita 16 wenye futi 400, yaani mita 122, huchukua kama dakika 11. Fungua kopo unuse kwanza. Harufu ya siki maana yake asetati, plastiki ya ukanda, inaoza: ukanda husinyaa, matundu ya pembeni hayaoani tena na meno ya mashine, na ukiulazimisha unachanika. Rangi nazo hufifia, malisho ya kijani yakageuka waridi.

Sauti ndiyo iliyonikalisha muda mrefu. Katika ukanda wa aina hii, alama za sauti hutangulia picha yake kwa fremu, yaani picha moja moja za ukanda, 26. Ukanda ukipitishwa vibaya, sauti na picha hupishana. Kwa kawaida midomo ya wanaozungumza hukuumbua papo hapo. Katika nyingi ya filamu hizi huna midomo ya kuangalia: mchimba madini anachimba, muuguzi anatabasamu, watoto wanaimba kwa mbali, na anayesema ni msimulizi asiyeonekana. Mtu mweusi yumo karibu kila fremu na hapewi hata sentensi moja. Naona ni ukatili uliopangwa.

Kwa hiyo zitazame kwanza kimya. Andika nani yumo, anafanya nini, nani anamsimamia. Kisha washa sauti ulinganishe. Msimulizi akisifu uhuru wa Transkei, eneo lililotengewa Waxhosa na serikali ya ubaguzi, wa 26 Oktoba 1976, kumbuka asichokitaja: sheria iliwavua uraia wa Afrika Kusini Waxhosa wengi, wakiwemo waliozaliwa Johannesburg, na siku ileile Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliukataa uhuru huo.

Angalia pia ukingo wa ukanda. Kodak iliweka alama ndogo za duara, mraba na pembetatu zinazoonyesha mwaka ukanda ulipotengenezwa kiwandani. Alama hizo hurudiwa kila baada ya miaka 20, kwa hiyo zisomwe pamoja na ushahidi mwingine.

Hatimaye nilikwenda Hamilton Street, palipo na makaratasi ya serikali. Katika mafaili ya idara iliyoagiza filamu, tafuta mambo matatu: nani alilipa, nakala zilikuwa za lugha zipi, na zilipelekwa wapi. Filamu iliyotumwa balozini ilikuwa na mtazamaji wake, na iliyopelekwa kwenye hosteli za migodi ilikuwa na wake. Bila kumjua mtazamaji, nusu ya maneno ya msimulizi hayaeleweki.