Viatu Vyekundu vya Dorothy: Puleki Zishonwe, Zisibandikwe

Wengi wanaoiga viatu alivyovaa Judy Garland akiigiza Dorothy katika filamu ya The Wizard of Oz (1939) huharibu kazi dukani: hununua puleki za wekundu mkali. Za asili zimekolea, karibu na damu ya mzee, kwa sababu kwenye Technicolor, mfumo wa filamu za rangi wa wakati ule, wekundu wa kawaida ulielekea rangi ya chungwa.

Tafuta kiatu cheupe cha satini, kisigino sentimita 5 hivi, ukitie rangi nyekundu kabla ya lolote. MGM, studio iliyotengeneza filamu hiyo, nao walianza na viatu vyeupe vya hariri. Ukiacha weupe, utachungulia katika kila mwanya.

Kubandika puleki moja moja kunavutia kwa wepesi wake, lakini kiatu hukunjika penye vidole na gundi iliyokauka haikunjiki, kwa hiyo hapo ndipo zinapoanza kupukutika. Vya asili vilivalishwa kitambaa chepesi kilichokwisha kushonewa puleki takriban 2,300 kwa kila kiatu. Nunua bapa za milimita 5, zipatazo 6,000 kwa jozi, maana nyingine zitavunjika.

Patani, yaani kielelezo cha kukatia kitambaa, huipati kwa kukisia. Funika kiatu chote kwa utepe wa karatasi wenye gundi, chora mstari katikati ya kisigino, pasua hapo, bandua, kisha lalisha. Ichore juu ya oganza nyekundu (kitambaa chepesi kinachoonyesha) kwa mshazari ili kitambaa kivutike puani mwa kiatu, ubane kwenye fremu ya kudarizi, na ushone kabla ya kukata. Uzi upakwe nta. Kila puleki ifunike nusu ya iliyotangulia, na piga fundo kila baada ya kumi, uzi ukikatika zisimwagike zote. Acha sentimita 1 tupu pembezoni. Utaijaza kwa sindano iliyopinda baada ya kuvalisha. Usipige pasi: puleki za plastiki hujikunja.

Gundi ya kubandikia kitambaa hicho kwenye kiatu ijaribiwe usiku kucha juu ya puleki chache. Zile za viatu zenye harufu kali huweza kuyeyusha rangi.

Pambo la umbo la kipepeo la mbele ya kiatu hukatwa kwenye ngozi: vito vitatu vikubwa vya mstatili katikati, shanga ndefu kuvizunguka, vito vidogo ukingoni. Lishonewe, kwani uzito wake hubandua gundi.

Jozi kadhaa za asili zilibandikwa feliti (kitambaa kinene cha sufu iliyoshindiliwa) chini ya soli kupunguza kelele za kucheza. Feliti hunyonya maji, hivyo iwekwe tu kwenye jozi ya jukwaani.